Asubuhi Tisini na Moja

Katika bonde la Sugar Branch, mtu akikuuliza hali unamwambia huna la kulalamika, basi. Hata kama jana ulitoka kumzika mzazi, hata kama mguu umeota kidonda, huna la kulalamika, unamuuliza na yeye hali ya kwao, maisha yanaendelea. Anayelijibu swali hilo kwa kirefu huonekana hakulelewa. Oleta Caudill alilelewa, tena na mama aliyejifungua watoto tisa na ambaye kila alipojifungua aliwauliza majirani waliokuja kumtazama kama wameshakula. Kwa hiyo kampuni ya bima ilipoleta kile kisanduku cheupe kikawekwa juu ya meza ya jikoni, na kisanduku kikasalimu kwa sauti ya binti mwenye adabu zake, Oleta alikijibu kwa adabu. Angefanya nini kingine?

Kililetwa katikati ya mwezi wa kumi. Wakati huo hospitali ya mjini ilikuwa imeshafungwa mwaka wa pili, na gari la wagonjwa lilikuwa linatoka ng'ambo ya mlima, saa nzima na dakika ishirini kama barabara haina barafu. Bima ya wazee nayo serikali ilikuwa imeikabidhi kwa kampuni. Mwanamke aliyekileta kisanduku hakuvua hata koti.

"Kila saa mbili asubuhi kitamuuliza mzee hali yake," alisema. "Ajibu tu kama kawaida yake."

Hobert, mume wa Oleta, akamjibu kama kawaida yake. "Na wewe binti uendeshe pole pole huko kwenye kona. Umepata kahawa?"

Mzee Hobert alikuwa na miaka sabini na mmoja, na thelathini na miwili kati ya hiyo aliimaliza chini ya mlima akichimba makaa ya mawe. Vumbi lilimjaa mapafuni likagandia humo. Sasa alikuwa akiishi kwenye kiti kimoja kando ya dirisha, bomba la oksijeni puani, miguu imevimba, na usiku alilala ameketi kwa sababu akilala chali anapaliwa. Mapafu yake yalikuwa yanatengeneza makohozi meusi, mazito, ambayo hakuwa na nguvu ya kuyatoa mwenyewe.

Aliyekuwa akiyatoa ni Renda Slone, nesi wa nyumbani. Alikuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Humkalisha mzee akiwa ameinama juu ya egemeo la kiti, akaikunja mikono yake kama anayeteka maji, akampiga mgongoni, chini, katikati, juu, ubavuni, mapigo mazito yaliyosikika mpaka barazani, nusu saa nzima, mpaka makohozi yaachie na mzee ayateme kwenye bakuli. Baada ya hapo humpima uzito, akaitazama miguu, akampigia daktari kuuliza kama kidonge cha kukojoza maji kiongezwe. Renda alikuwa mwanamke wa miraba minne, binti wa mchimba makaa, na aliwahi kucheza mpira wa kikapu. Mikono ilikuwa ndiyo hasa iliyohitajika katika nyumba ile. Ya Oleta ilikuwa imebaki kwenye kiwanda cha nguo, miaka ishirini na sita ya kushona suruali. Viungo vya viganja vilikuwa vimevimba na kupinda, na mfuniko wa chupa ya jamu alikuwa akifunguliwa na Renda. Wiki moja ya mwezi wa kumi na moja theluji ilifunga barabara, Renda hakufika siku tano, na Hobert akaanza kuzama akiwa nchi kavu. Waliona wote wawili. Hawakulizungumza.

Na kile kisanduku kila siku, saa mbili kamili: "Habari ya asubuhi, Bwana Caudill! Unajisikiaje leo?"

"Sina la kulalamika, binti."

"Nafurahi kusikia hivyo!"

Kulikuwa na asubuhi ambazo Hobert hakuweza kujibu. Midomo imekuwa ya buluu, macho yamemtoka, kila pumzi anaivuta kwa mabega. Binti wa kisandukuni akiuliza mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu Oleta alikuwa akiona haya, kama mtu anayemwacha mgeni abishe hodi mpaka achoke. Basi akipita na sufuria yake alikuwa anajibu: "Hajambo, mwanangu, amelala vizuri, asante. Na wewe je?" Kisanduku kikafurahi kusikia hivyo. Oleta hakuliona hilo kuwa jambo. Kwake ilikuwa salamu, na salamu huitikiwa.

Barua ilikuja katikati ya mwezi wa kwanza. Oleta aliisoma amesimama kwenye sanduku la posta, akairudia jikoni, kisha akaiacha mezani mpaka Renda alipokuja Jumatano. Renda aliisoma kwa sauti. Ilisema kwamba kati ya asubuhi tisini na moja mgonjwa ameeleza hali njema asubuhi zote tisini na moja, na kwamba kwa sababu hiyo huduma ya muuguzi wa nyumbani haihitajiki tena, na itakoma mwisho wa mwezi.

"Babu," Renda alisema polepole, "umekuwa ukikiambia nini hiki kidude?"

"Nakiambia sina la kulalamika. Ulitaka nikitukane?"

"Nilitaka ukiambie unakufa!"

"Mtu anakusalimia mezani kwako, unywe kahawa yako, halafu umwambie unakufa? Mama yako ndivyo alivyokufundisha? Maana namjua mama yako."

"Si mtu huyo, babu! Ni mashine! Inahesabu!"

"Basi ingesema kama inahesabu. Mimi nilidhani inanijulia hali."

Renda aliketi. Oleta akammiminia kahawa, mkono mmoja ukiusaidia mwingine. "Lakini wewe si unaandika?" alimuuliza. "Kila ukija unaandika."

"Naandika, bibi. Uzito, oksijeni, rangi ya makohozi, kila kitu. Yangu yanaingia kwenye faili yanalala huko. Kinachoamua ni sauti ya mgonjwa mwenyewe. Walipitisha sheria, ati mgonjwa amekuwa hasikilizwi, sasa asikilizwe." Akacheka, kicheko kibaya. "Wakamsikiliza."

Sheria nzuri kabisa, ukiisoma. Walioitunga bila shaka walikuwa watu wema, waliozoea kuishi mahali ambapo mtu akiulizwa hali yake huieleza. Hakuna aliyewaambia kwamba kuna mabonde ambako wanaume hufa wakiulizana habari za mbwa.

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua," Renda alisema. "Lakini ipo rufaa. Kwa simu, wiki ijayo, Alhamisi saa nne. Na safari hii atakayesikiliza ni mtu."

Akachukua karatasi akaandika, kwa herufi kubwa, mambo ambayo Hobert lazima ayaseme. Wakafanya mazoezi Ijumaa. Ilikuwa kazi.

"Soma la kwanza, babu."

"Siwezi kufika… hili siwezi kulisema."

"Siwezi kufika chooni bila kupumzika mara mbili. Soma."

"Nimwambie mwanamume nisiyemjua habari za choo changu? Kisha nimwambie na nini, rangi ya chupi?"

"Ukiulizwa, sema!"

Oleta alicheka mpaka akafuta macho, na Hobert akafurahi kuwa amemchekesha, na zoezi likaharibika. Lakini kulikuwa na jambo zito nyuma ya mzaha ule, na Oleta alilijua. Zamani, kampuni ya mgodi ilikuwa ikileta daktari wake kila mwaka. Aliyekohoa alitolewa kazini. Hobert na wenzake walikuwa wakisimama kwenye foleni wakijifunza kuzuia kikohozi, machozi yakiwatoka, daktari akiweka chombo kifuani wanapumua kidogo kidogo kwa juu juu, wanatabasamu. Wanaume waliobaki kazini walikuwa hodari wa jambo hilo, na Hobert alibaki miaka thelathini na miwili. Alilisha watoto wawili kwa kujifanya mzima. Leo unamwambia aache.

Jumatano usiku alipokuwa akimfunika blanketi pale kitini, Oleta alimwambia, "Hobert, sijawahi kukuomba kitu tangu tuoane."

"Uliniomba mashine ya kufulia."

"Na hukuleta."

"Nilileta. Ikavuja."

"Basi hili la pili. Kesho sema kweli. Usiponisemea mimi, sijui nitakufanyaje, maana kwa mikono hii siwezi. Unaiona."

Aliinyoosha mbele yake. Hobert aliitazama muda mrefu, akaishika yote miwili ikaingia katika kiganja chake kimoja. "Nitasema," alisema.

Alhamisi saa nne simu iliita. Renda alikuwa kwa mgonjwa mwingine, hakuruhusiwa kuwapo, kwa hiyo walikuwa wawili tu, simu katikati ya meza na sauti imefunguliwa. Msikilizaji wa rufaa alijitambulisha kuwa ni Bwana Prather. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima, ya upole, na ilikuwa ya kwao. Alizikunja herufi kama wao, alitaja kwamba babu yake alitokea kaunti ya jirani. Oleta akaogopa. Angekuwa mkali ingekuwa nafuu, kwa sababu mtu mkali angegombezwa na Hobert.

"Haya, Bwana Caudill," sauti ilisema, "hali yako ikoje asubuhi hii?"

Hobert alifungua mdomo. Oleta aliliona jibu la siku zote likija. Mzee akamtazama mkewe, akaitazama mikono yake iliyokuwa imeshika ukingo wa meza.

"Mbaya," alisema.

Neno moja, na Oleta akahisi kifua chake mwenyewe kinafunguka. Hobert akaishika karatasi, akaisoma. Hafiki chooni bila kupumzika mara mbili. Analala ameketi. Akipigwa mgongo anatoa bakuli zima la makohozi meusi, asipopigwa siku tatu hawezi kumaliza sentensi. Kila baada ya mstari alivuta pumzi, na pumzi ilisikika. Aliposoma habari za choo masikio yake yalikuwa mekundu. Akafika mwisho, akaiweka karatasi mezani kama aliyetua gunia.

"Nakushukuru," Bwana Prather alisema, na alionekana kumaanisha. "Najua si rahisi. Sasa kuna rekodi mbele yangu, nisaidie kuielewa. Tarehe tisa ya mwezi wa kumi na mbili, nesi wako ameandika kwamba hukuweza kabisa kusema alipofika. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Asubuhi hiyohiyo, saa mbili, tulipokea hili."

Kukasikika mlio mdogo, kisha jikoni kwao wenyewe kukasikika jiko lao, sufuria ikiguswa, na sauti ya Oleta, nyororo, yenye tabasamu: *Hajambo, mwanangu, amelala vizuri, asante. Na wewe je?*

"Hiyo ni sauti yako, bwana?"

Ile siku Oleta aliikumbuka vizuri, kwa sababu alikuwa amemshika Hobert shingo kwa mkono wa kushoto wakati akiongea.

"Ziko asubuhi kumi na nne za namna hii," Bwana Prather alisema. Upole ulikuwa bado upo, lakini sasa ulikuwa wa mtu anayesoma karatasi. "Lazima nikuelezeni kanuni, si mimi niliyeitunga. Mtu akijibu badala ya mgonjwa, na jibu likawa si la kweli, hiyo ni taarifa ya uongo. Mgonjwa huondolewa kwenye mpango mzima. Namaanisha wote. Dawa, daktari, mashine ya oksijeni. Kama mkeo alijibu kwa ruhusa yako na alichosema kilikuwa kweli, hakuna kosa lolote, na mtabaki na vyote isipokuwa ziara za nesi. Kwa hiyo nina swali moja tu, Bwana Caudill. Majibu ya mke wako yalikuwa ya kweli?"

Oleta aliinama kuelekea simu. Alikuwa tayari kusema, ni mimi niliyesema, ni mimi niliyedanganya, yeye hana hatia. Hobert akainua mkono wake mkubwa, akauweka mbele ya mdomo wa mkewe bila kuugusa.

"Mke wangu hasemi uongo," alisema. "Yalikuwa ya kweli."

"Na haya uliyonisomea sasa hivi?"

"Tuliyatia chumvi. Unajua sisi wazee." Alitulia kuvuta pumzi, akaivuta kwa ujuzi wake wa zamani, kidogo kidogo, kwa juu juu, hakuna kilichosikika. "Sina la kulalamika. Kwenu huko hawajambo?"

Huenda Bwana Prather alielewa. Kama alielewa, kwenye fomu yake hapakuwapo mahali pa kuandika alichokielewa. "Hawajambo," alisema mwishowe. "Asante kwa uaminifu wako, bwana."

Simu ilipokatika, Hobert alikohoa mpaka akakunjamana, na Oleta akamshika bega akilia kwa hasira.

"Kwa nini hukuniacha niseme?"

"Useme nini? Kwamba u mwongo? Halafu waje wachukue hewa, nivute nini, huo ukweli wako?"

"Ni mimi niliyekuua, Hobert. Kwa mdomo wangu. Kwa heshima zangu za kijinga."

"Makaa yaliniua, mama," alisema, akitafuta pumzi katikati ya maneno. "Wewe ulimsalimia mtu tu."

Hata barua ya uamuzi haikuletwa. Jumatatu saa mbili asubuhi kisanduku kilisema, kwa furaha, kwamba kina habari njema: Bwana Caudill amehitimu, hahitaji tena huduma ya muuguzi. Kilimpongeza. Oleta alikitazama kwa chuki ambayo hakuwahi kumwonyesha binadamu yeyote, akatamani kukitupa kwenye kijito. Hakukitupa. Oksijeni ilikuwa katika mpango uleule wa kisanduku.

Siku ya mwisho ya Renda ilikuwa Ijumaa. Alimpiga mzee mgongo kwa saa nzima badala ya nusu, kama mtu anayejaza maji nyumba inayokwenda kukatiwa bomba. Bakuli lilijaa. Rangi ikamrudia Hobert usoni, akaomba maharage na mkate wa mahindi, akala sahani moja na nusu. Mwenye kumwona wakati huo angesema kampuni ina haki.

Kabla ya kuondoka Renda alitoa kishikwambi chake. Faili lilikuwa halifungiki mpaka achague sababu. Aliikodolea macho skrini.

"Zipo tatu tu," alisema. "Amepona. Amefariki. Amehama."

"Hakuna 'amekatiwa'?" Oleta aliuliza.

"Hakuna, bibi."

"Weka hiyo ya katikati," Hobert alisema kutoka kitini. "Utakuwa umewahi wiki chache tu."

Renda hakucheka. Alisema akiweka hiyo watakuja kuchukua mashine ya oksijeni Jumatatu. Akiweka amehama, hivyohivyo. Alibonyeza ya kwanza, akakifunga kishikwambi kwa nguvu, akaanza kulia waziwazi, mwanamke mzima wa miraba minne, na Oleta ndiye aliyembembeleza. Wagonjwa wake kumi na mmoja walikuwa wamepona mwezi ule. Yeye mwenyewe kampuni ilikuwa imempa mpaka majira ya kuchipua kabla ya kumwachisha kazi.

Kisha akapangusa uso, akamfundisha Oleta. Kunja kiganja hivi. Usipige uti wa mgongo. Anza chini, panda juu. Alipomwona Oleta akijaribu, alimsifu, na kumsifu kwenyewe kulitosha kumwonyesha Oleta jinsi alivyofanya vibaya. Mlangoni akamfungulia chupa tatu za jamu, akaziacha mifuniko imelegezwa.

Jumamosi Hobert alikuwa mzima. Jumapili alianza kunguruma kifuani. Jumatatu asubuhi alikuwa anavuta pumzi kwa mabega, na Oleta akaweka mto juu ya egemeo la kiti, akamsaidia kuinama, akaweka bakuli jeupe sakafuni mbele yake, akaanza. Chini, kupanda juu. Kila pigo lilimchoma Oleta kuanzia kidole mpaka kiwikoni, na mapigo yalitoa sauti ndogo, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

"Piga kwa nguvu kidogo, mama."

"Ndiyo nguvu zenyewe hizi."

Oleta alipiga robo saa, akapumzika, akapiga tena, akikaza meno, machozi ya maumivu yakimdondokea mzee shatini. Ndani ya kifua kile alisikia kitu kinachemka, kipo palepale, hakijasogea hata kidogo. Alikuwa anajua, na akaendelea. Hatimaye mgongo wa mumewe ulitikisika. Hobert akakohoa mara mbili, kikohozi kikavu, akainama zaidi juu ya bakuli na kulificha kwa mwili wake, akatema.

"Limetoka," alisema, akihema. "Kubwa. Pumzika sasa, mke wangu. Una mikono mizuri kuliko ya Renda."

Oleta aliliokota bakuli. Lilikuwa jeupe na kavu kama lilivyotoka kabatini. Akalipeleka kwenye sinki, akafungua maji, akaliosha.